Safari ya gari na wazee hadi Ziwa Nyasa: mwongozo kamili kwa bajeti ndogo

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya wengi wetu tunaijua kupitia dirisha la basi. Unapanda alfajiri, unashuka usiku, na katikati ulichokiona zaidi ni kisogo cha abiria wa mbele na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vikinyanyuliwa dirishani. Barabara hiyo hiyo, ukiigawa vipande na kumpakia mama, shangazi na marafiki zao wawili watatu, inakupa wanyama wa Mikumi, mibuyu, baridi ya Iringa, migomba ya Rungwe, na mwisho mchanga wa Matema kwenye Ziwa Nyasa.

Mpango ninaoueleza hapa ni wa siku 11 na usiku 10, watu sita na gari moja. Msimamo wangu ni mmoja: ukisafiri na wazee, usibanie pesa kwenye kiti, kitanda na choo. Bania kwingine kote. Na njia kuu ya kubania ni kwenda polepole, maana pesa nyingi katika safari za namna hii hupotea kwa haraka: dereva aliyechoka, mzee anayeishia kutundikiwa dripu, au hoteli ya bei mbaya mliyoingia saa 3 usiku kwa sababu hamna pengine pa kulala.

Anza na wazee, ramani baadaye

Kabla hujafungua ramani, kaa na kila mzee peke yake umuulize angependa kuona nini. Ukiwauliza wote pamoja watasema "popote mtakapotupeleka, mwanangu," na hutapata kitu. Mmoja mmoja ndipo utagundua kwamba baba mdogo alisoma Tosamaganga au Ifunda, kwamba rafiki yake mama alipitia JKT Mafinga enzi za mchakamchaka, kwamba shangazi ana mwenzake wa shule ya Loleza ambaye hawajaonana tangu waache kazi. Njia hii imejaa shule na kambi walizopitia watu wa rika lao: Tosamaganga, Ifunda, Malangali, Iyunga, Rungwe. Kusimama nusu saa kwenye geti la shule ya zamani hakugharimu chochote, na mzee ataisimulia hadi Krismasi. Ukitaka kuingia ndani, piga simu shuleni mapema ujitambulishe. Kambi ya jeshi ipite nje tu, na kamera ibaki mfukoni.

Katika mazungumzo hayo hayo uliza mambo ambayo watu huona haya kuyasema mbele ya wengine. Anaamka mara ngapi usiku kwenda msalani? Anaweza choo cha kuchuchumaa? Anapanda ngazi? Anakoroma? Majibu hayo ndiyo yatakayopanga vyumba, viti na vituo.

Wakati wa kwenda

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Juni hadi Agosti ni kukavu, lakini baridi ya Njombe na Makete miezi hiyo si mchezo. Kuna asubuhi barafu hutanda kwenye majani. Kwa mtu aliyezoea joto la Pwani na mwenye presha, baridi hubana mishipa ya damu na kuipandisha presha hiyo. Kwa hiyo mimi huchagua Septemba na Oktoba: barabara kavu, mchana una joto la wastani, usiku blanketi mbili zinatosha. Wilaya ya Rungwe ina tabia yake, hunyesha karibu mwaka mzima, hivyo mwavuli na viatu visivyoteleza haviepukiki hata Septemba.

Epuka wiki ya Nane Nane, vyumba vya Mbeya hujaa. Epuka pia nusu ya pili ya Desemba, nchi nzima inapokuwa barabarani.

Hesabu ya pesa

Mafuta ndiyo kichwa cha bajeti, na yanahesabika. Dar hadi Uyole, kabla ya kuingia Mbeya mjini, ni kama kilomita 820. Uyole hadi Tukuyu ni kama 60, na Tukuyu hadi Matema kama 90. Kwenda na kurudi ni takriban 1,940. Ongeza 200 za kuzungukazunguka, zinakuwa 2,140. Gari aina ya Toyota Noah yenye watu sita na mizigo, ikipanda milima, ihesabie kilomita 9 kwa lita. Unapata lita 240 hivi, yaani lita 40 kwa kila kichwa. Zidisha kwa bei ya mwezi huo, ambayo EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, huitangaza Jumatano ya kwanza. Bei kikomo hupanda kadiri unavyoondoka bandarini, kwa hiyo jaza tenki Dar, na wakati wa kurudi usijaze Mbeya kama iliyomo inakufikisha Morogoro.

Baada ya mafuta kuna malazi ya usiku 10, chakula, viingilio na sevisi ya gari kabla na baada. Kisha weka fungu ambalo watu hulisahau: akiba ya dharura inayotosha tiketi mbili za ndege kutoka uwanja wa Songwe, Mbeya, hadi Dar. Mzee akichoka kabisa au akiugua ukiwa upande ule, unamrudisha na msindikizaji mmoja kwa muda usiofika saa mbili angani, wengine mnaendelea. Isipotumika, inarudi kwa wenyewe. Bila akiba hiyo, mzee mmoja akilemewa mtageuza gari wote.

Kuhusu michango, mchague mweka hazina mmoja, asiwe dereva, na mchango wote uingie kwenye simu yake wiki mbili kabla ya safari. Mambo ya "tutalipana huko mbele" huvunja urafiki, na yanawaonea wazee, ambao hawatakubali kudai. Mzee anayesafiri kwa pesa ya watoto wake usimwache ajione mzigo. Mpe jambo lake: yeye ndiye mnunuzi wa matunda ya njiani, au yeye ndiye anayetoa soda ya kila anayetupokea. Pesa ni ndogo, heshima inabaki palepale. Dereva kama ni mwenzenu, asichangie mafuta. Anafanya kazi ambayo mngeilipia.

Gari na kiti

Noah au gari la ukubwa huo linatosha watu sita, hata kama kadi yake inasema saba au nane. Viti vilivyobaki ni vya mizigo na vya mtu kunyoosha mguu. Safu ya mwisho kabisa wakae vijana. Magoti ya miaka 70 hayapiti huko. Mwenye goti baya zaidi akae mbele. Nunua kigoda kidogo cha plastiki cha kukanyagia wakati wa kupanda na kushuka. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika safari hii na kitatumika mara kumi kwa siku.

Mkikodi, andikianeni. Nani analipa mafuta, dereva analala na kula kwa pesa ya nani, gari likiharibika ni juu ya nani. Uliza bima kwa makini: gari binafsi linalokodishwa kienyeji linaweza kuwa na bima isiyowatambua abiria wa kulipa, na hilo mtalijua siku ya ajali.

Wiki moja kabla, lipeleke kwa fundi mnayemwamini. Breki kwanza, halafu rejeta na mipira yake, halafu matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi lililopita miaka sita, hata kama meno bado yapo, usiende nalo Kitonga, mlima wa kona kali kabla ya Iringa. Hakikisha lipo tairi la spea lenye upepo, jeki inayofanya kazi, pembetatu mbili za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto usiopitwa na tarehe na kisanduku cha huduma ya kwanza. Trafiki watauliza hivyo hivyo.

Dawa, maji na kuchimba dawa

Kila mzee abebe dawa za siku 14 kwa safari ya siku 11, kwenye pakiti zake za asili, ndani ya mkoba anaokaa nao. Zisiingie kwenye begi la nyuma. Piga picha ya kila pakiti na ya kadi ya bima ya afya, uzihifadhi kwenye simu mbili tofauti. Wapelekeni kliniki wiki mbili kabla, na mweleze daktari kwamba mtapanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,900 na zaidi Njombe.

Mwenye kutumia insulini ana kazi ya ziada. Chupa ambayo haijafunguliwa inahitaji nyuzi 2 hadi 8. Inayotumika, kwa aina nyingi, hustahimili joto lisilozidi nyuzi 30 kwa takriban wiki nne. Soma karatasi yake uhakikishe. Kinachoiua ni mambo mawili: kuachwa kwenye dashibodi juani, na kugusana na barafu moja kwa moja. Ifunge kwa taulo kabla ya kuiweka kwenye kibaridi. Na mwenye kisukari asipitishe muda wa chakula kwa sababu "tumekaribia". Juisi au glukosi iwe mkononi mwa anayekaa naye.

Sasa suala la maji. Wazee wengi wakijua kuna safari hukataa kunywa ili wasisumbue watu kusimama. Hapo ndipo kizunguzungu, kufunga choo na maambukizi ya mkojo huanzia. Wengine huacha kimyakimya kile kidonge cha presha kinachokojoza. Dawa hiyo isiachwe; muulize daktari kama siku za barabarani inaweza kunywewa baada ya kufika. Na usimuulize mzee, "Shangazi, tusimame?" Atajibu, "Twendeni tu, niko sawa," hata kama kibofu kinapasuka. Simama bila kuuliza, kila saa moja na nusu hadi mbili, na mtu wa kwanza kushuka awe kijana anayesema yeye ndiye mwenye haja. Wakishuka, watembee dakika kumi. Kukaa zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na umri huizidisha. Ndani ya gari wazungushe vifundo vya miguu mara kwa mara.

Kuchimba dawa, yaani kujisaidia, vichakani kwa vijana ni kawaida. Kwa mama mwenye magoti mabovu ni hatari, na ni aibu. Vyoo vya uhakika njia hii ni vya vituo vikubwa vya mafuta na migahawa ambako mabasi husimama kula: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Mafinga, Makambako, Igawa. Beba toilet pepa, sabuni, dumu la maji la lita tano, na khanga mbili za kujistiri pale mambo yanapokataa kusubiri.

Kuchagua pa kulala

Acha kuangalia picha mtandaoni, piga simu. Bei ya simu hujadiliwa, na sauti ya mpokezi inakuambia mengi. Uliza hivi:

- Kuna vyumba chini, pasipo ngazi?
- Choo ni cha kukaa, na kiko ndani ya chumba?
- Maji ya moto yanatoka bombani au mnaleta kwa ndoo? (Ndoo si mbaya, ila nani anaibeba?)
- Kuna baa au ukumbi jirani?
- Gari linalala ndani ya uzio?
- Mnaanza kutoa chai saa ngapi?

Swali la baa ndilo muhimu kuliko yote. Gesti nyingi nzuri za bei nafuu zimeungana na baa, na muziki hauzimwi mpaka saa 8 usiku. Kwa sababu hiyo mimi hutafuta kwanza hosteli na nyumba za wageni za makanisa: za Kilutheri, Kimoraviani na Kikatoliki zipo karibu kila mji wa njia hii. Ni safi, tulivu, bei ya kawaida, hupokea watu wa dini zote, na wazee hulala kwa amani. Kasoro yake ni geti kufungwa mapema, lakini nani kati yenu alikuwa anakwenda disko?

Chukua vyumba vitatu vya vitanda viwili. Wanaokoroma pamoja. Anayeamka usiku awekewe tochi kichwani, hata kama umeme upo.

Siku kwa siku

Sheria ya mwendo ni hii: kutoka saa 12 asubuhi au kabla kidogo, kufika saa 9 au 10 alasiri, hakuna gari usiku. Njia hii ina malori ya Zambia na Kongo, mengine yameharibika barabarani bila taa, na baada ya jua kuzama huyaoni mpaka umeyafikia. Isizidi kilomita 350 hivi kwa siku. Kwenye vijiji ni 50 kwa saa, na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Matuta na rasta hazihesabiki. Dereva azichukue taratibu, mgongo wa mzee unazihesabu zote.

Siku ya kwanza ni Dar hadi Mikumi mjini, kama kilomita 300. Ondokeni saa 11 alfajiri ili muipite Kibaha na Mlandizi kabla ya foleni. Chai inyweeni Morogoro chini ya Milima ya Uluguru, mkae hapo saa nzima au zaidi. Baada ya Morogoro barabara inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50. Ukibaki kwenye lami hulipi kiingilio, na bado utaona twiga, pundamilia, swala, nyani, mara nyingi na tembo. Mwendo hauzidi 70, kumgonga mnyama kuna faini, na hamruhusiwi kushuka. Kwa hiyo choo ni kabla ya kuingia hifadhini, wote, hata anayesema hana haja. Wanyama huonekana zaidi asubuhi na jioni. Kama mtapita katikati ya mchana msikate tamaa, mtapita tena mkirudi. Kuingia ndani kabisa kwa Mtanzania ni sehemu ndogo ya anacholipa mgeni, ila mje na vitambulisho vya NIDA, mlipe kwa namba ya malipo, na mjue njia za ndani zina mitikisiko.

Siku ya pili ni fupi lakini ndiyo tamu kuliko zote: Mikumi hadi Iringa, kilomita 200 hivi. Mnafuata bonde la Mto Ruaha Mkuu, mnaingia kwenye msitu wa mibuyu, joto limewashika, halafu Kitonga. Huo mlima uupande kwa subira nyuma ya malori. Kuovateki kwenye kona za Kitonga ni kuwachezea watu waliokulea. Angalia geji ya joto la injini, zima kiyoyozi ikianza kupanda. Juu kabisa hewa inabadilika na masweta yanatafutwa. Yawe kwenye viti, si chini ya mabegi. Ilula ni pa nyanya na vitunguu, lakini nunueni mkirudi. Mkifika Iringa mapema, lala mchana. Mji uko kwenye mita 1,600 hivi na mtu wa Pwani huhema kidogo akipanda mitaa yake.

Siku ya tatu hampandi gari sana. Asubuhi nendeni Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, penye zana za mawe za binadamu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Njia ya kushuka kwenye nguzo ni ya mteremko. Wenye magoti wabaki kwenye jumba la makumbusho na sehemu ya juu, wataziona kwa mbali. Mchana nendeni Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Fuvu lake, lililochukuliwa na Wajerumani baada ya kifo chake mwaka 1898, lilirudishwa 1954. Mzee wa miaka 80 alikuwa mtoto wa shule mwaka huo. Mwache azungumze na mtunza makumbusho, mketi, msiangalie saa.

Siku ya nne Iringa hadi Njombe, kupitia Mafinga na Makambako, kilomita 220 au zaidi kidogo. Misitu ya misonobari, mashamba ya chai, parachichi. Njombe lala usiku mmoja tu, na lipia chumba chenye maji ya moto ya uhakika. Maporomoko ya Mto Ruhuji yapo karibu na mji, mnayaona bila kutembea sana.

Hapa watu huuliza kuhusu Kitulo, bustani ya maua iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ni pazuri mno. Lakini maua huchanua kati ya Novemba na Aprili, wakati njia zake ni tope, na uwanda wenyewe uko mita 2,600 kwenda juu. Mwenye moyo au mapafu dhaifu atahema akiwa amekaa. Kwa kundi hili mimi nasema pumzisheni, mwende vijana peke yenu mwaka mwingine.

Siku ya tano mnarudi Makambako, mnashika barabara kuu hadi Uyole, mnakata kushoto kwenda Tukuyu. Ni safari ya kilomita 290 hivi, na sababu ya kukata Uyole ni mbili: mnakwepa foleni ya malori ya Mbeya mjini, na mnalala mahali penye mandhari. Kati ya Uyole na Tukuyu migomba, chai na Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 3,000, vinawakaribisha pande zote. Kuna ukungu na utelezi. Taa ziwake hata mchana.

Siku ya sita ni ya Rungwe. Daraja la Mungu, jiwe la volkano lililojijenga juu ya Mto Kiwira, linafikika kwa gari na hatua chache. Upande ule kuna maeneo ya Magereza, basi ulizeni kabla ya kupiga picha. Ziwa Ngozi lisiwemo: ni kupanda msitu wenye utelezi, na kuliona ni lazima ufike ukingoni juu. Vijana wawili wakitaka kwenda, waende asubuhi na mwongoza njia, wazee wabaki wanakunywa chai na kuzungumza na wenyeji. Kwa Wanyakyusa hamtakosa maongezi, wala ndizi.

Siku ya saba teremkeni Matema kupitia Kikusya na Ipinda. Mnashuka kutoka baridi hadi ziwa lililo chini ya mita 500, na joto linarudi ghafla. Muongezeeni kila mmoja maji. Kuna malaria, hivyo chandarua kila kitanda na nguo za mikono mirefu jioni. Kabla mtu hajaingia majini, ulizeni wenyeji wapi ni salama. Kuna mamba karibu na midomo ya mito.

Siku ya nane msifanye kitu. Milima ya Livingstone iko nyuma, ziwa mbele, samaki wabichi wanapatikana, na mchele wa Kyela ni ule ule mnaouagiza kila mwaka. Ikiwa ni Jumamosi, Lyulilo jirani kuna soko la vyungu vya Wakisi. Vyungu huvunjika, funga kwa nguo chafu, viwekwe miguuni mwa vijana.

Mkiwa na siku sita au saba tu, msiubane mpango huu. Ishieni Iringa, muongeze usiku mmoja Morogoro, mrudi.

Mzee akiugua njiani

Hospitali kubwa zipo Morogoro, Iringa na Mbeya, ambako kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kati ya hapo zipo za mashirika ya dini, zikiwemo Mikumi, Ilula, Ilembula karibu na Makambako, na Matema kwenyewe. Namba ya dharura ya polisi ni 112 na ya zimamoto ni 114. Dalili zisizosubiri kesho: kifua kubana, mdomo au mkono wa upande mmoja kulegea, kuchanganyikiwa ghafla, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Hapo hakuna kikao cha familia, gari linawashwa. Familia itapigiwa mkiwa njiani, na apige mtu mmoja aliyepangwa toka mwanzo, ili Dar wasisikie habari tano tofauti.

Kurudi

Siku ya tisa Matema hadi Makambako, ya kumi Makambako hadi Mikumi, ya kumi na moja Dar. Wazee watataka kuunganisha siku mbili za mwisho kwa sababu "nyumbani ni nyumbani". Kataa kwa adabu. Siku hizo ndizo dereva ana uchovu wa wiki nzima, na Kitonga sasa mnaishuka: gia ndogo, namba mbili au L kwa gari la otomatiki, mguu usikae juu ya breki muda wote, maana breki zikipata moto hukataa. Mkinusa kama kitu kinaungua, simameni pahali salama zipoe, msizimwagie maji.

Vitunguu na nyanya nunueni Ilula, viazi na parachichi Makambako, na mjue mapema nafasi ya mzigo ni kiasi gani, la sivyo shangazi atakalia gunia. Pangeni siku ya mwisho isiwe Jumapili, kwa sababu kuanzia Chalinze magari ya wikiendi yote yanarudi mjini kwa wakati mmoja. Mkifika, kila mzee apelekwe hadi mlangoni kwake na mizigo yake, si kushushwa kituoni. Mweka hazina atume hesabu kwenye kundi kabla ya siku tatu kupita, pamoja na marejesho ya ile akiba ya tiketi, halafu mpigie kila mzee baada ya siku mbili uulize miguu haijavimba na kama dawa za presha zilirudi kwenye ratiba yake.